Fimbo Tatu za Njia Moja

Nikisikia mtu redioni akisema kwamba nchi yetu iligawanyika yenyewe, nazima redio. Sitaki kusikia. Nilikuwepo. Nilikuwa nakatisha tiketi kwenye dirisha dogo la stesheni ya mwisho kabla ya mto, na niliona kwa macho yangu jinsi watu wenye akili zao timamu walivyoikata reli vipande viwili bila kugusa hata msumari. Walioikata wanakula pensheni zao. Waliolipia ni shangazi yangu na mwenzake wa ng'ambo ya mto, na wengi wenu hamjawahi kuwasikia.

Shangazi ndiye aliyekuwa mkuu wa stesheni yetu. Alinilea tangu mama yangu afariki, na aliniajiri kwa masharti mawili: nisimwite Shangazi mbele ya abiria, na nisimpe ndugu yeyote kiti cha dirishani kwa upendeleo. Sare yake aliipiga pasi mwenyewe kwa sababu hakumwamini mtu na kola yake. Alikuwa mfupi, ila sauti yake ilivuka jukwaa zima bila kipaza sauti. Abiria akichelewa akaja anahema na mizigo, Shangazi humwambia, "Treni imekusubiri sana, baba. Ikachoka, ikaenda." Halafu humtafutia benchi lenye kivuli na kumwonyesha bomba la maji.

Mume wake alikuwa dereva wa treni ya abiria ya asubuhi. Kila mtu alimwita Honi, kwa kuwa hakuwahi kupita karibu na nyumba, mbuzi au mtu anayemfahamu bila kupiga honi. Kazini Shangazi alikuwa bosi wake na nyumbani vilevile. Honi mwenyewe alisema kwamba ameoa stesheni, na mahari yake bado anailipa kwa mafuta ya injini.

Sasa nieleze jambo moja la kazi yetu, maana bila hilo hamtaelewa hasira yangu. Kutoka kwetu hadi stesheni ya ng'ambo kulikuwa na njia moja tu ya reli, inavuka daraja, inapinda kwenye kilima, basi. Treni mbili haziwezi kupishana humo. Kwa hiyo tangu enzi za babu zetu palikuwa na fimbo. Ilikuwa fimbo ya chuma, urefu wa mkono wa mtu mzima, yenye pete ya shaba mwishoni. Ilikuwa moja, haina pacha. Dereva haingii kwenye kipande kile mpaka ameishika mkononi. Akifika upande wa pili anaikabidhi dirishani, na treni inayorudi ndiyo inayoichukua. Kama fimbo iko ng'ambo na treni iko kwetu, treni inasubiri, hata kama ndani yake kuna waziri. Fimbo ikiwa kwa mmoja, mwingine hana. Huhitaji kwenda chuo kulielewa hilo, na hadi leo sielewi waliokwenda chuo walilikosea wapi.

Aliyekuwa akiipokea fimbo upande wa pili tulimwita Jirani. Alikuwa mkuu wa stesheni ya ng'ambo, mtu wa makamo mwenye kitambi na vicheko vingi. Yeye na Shangazi walikuwa wakizungumza kila siku kwa simu ya mezani ya stesheni, miaka na miaka, na nadhani walikuwa wameonana ana kwa ana mara chache kuliko wanavyoonana watu na madaktari wao wa meno. "Jirani, nakuletea," alisema Shangazi. "Jirani, nimepokea," alijibu yule. Wakimaliza hayo ya kazi walianza kutaniana kuhusu nani ana abiria wakorofi zaidi.

Stesheni ya Jirani ilikuwa ndani ya Jimbo. Ninasema Jimbo kwa sababu ndivyo walivyojiita walipoanza kudai kujitawala. Na tusidanganyane, walikuwa na haki ya kulalamika. Mawe ya madini yalichimbwa kwao, yakapita mbele ya dirisha langu behewa kwa behewa kwenda makao makuu ya nchi na bandarini, na watoto wao walisoma wamekaa sakafuni. Serikali Kuu ilijua na ikafumba macho. Mgogoro ule ulikuwa wetu, wa nyumbani, na ungeweza kumalizwa na watu wa nyumbani kama wangekuwa na aibu kidogo.

Kisha wakaingia wageni. Kulikuwa na kampuni iliyokuwa ikinunua mawe yale, nyuma ya kampuni kulikuwa na serikali ya nchi yake, na nyuma ya serikali hiyo kulikuwa na benki. Wakaliambia Jimbo: wekeni saini na sisi moja kwa moja, tutawapa injini mpya na mshauri. Wakaiambia Serikali Kuu: mkileta ubishi, sahauni ule mkopo mnaousubiri. Serikali Kuu ikakubali. Kilichonichoma zaidi ni kwamba waziri alikwenda redioni akasema kuyapa majimbo uhuru wa kuweka saini na wageni ni wazo lake mwenyewe, amelifikiria kwa muda mrefu. Mtu ananyang'anywa shati hadharani, halafu anatangaza kwamba amelitoa zawadi. Haukupita muda majimbo mengine nayo yakataka, na kila moja likaletewa mshauri wake na magari yake meupe. Kule makao makuu wakabaki na bendera, wimbo na deni.

Baada ya hapo ndipo likaja suala la fimbo. Mshauri wa reli ya Jimbo, mgeni mrefu mwenye adabu nyingi na kofia ya jua, aliona kwamba fimbo ile ina nembo ya shirika la reli la zamani. Akasema Jimbo lenye mamlaka yake haliwezi kuendesha treni kwa kibali cha mtu mwingine. Wakachonga fimbo mpya, wakaipaka rangi za Jimbo. Serikali Kuu ilipopata habari ikaona imedhalilishwa. Haikuwa na ubavu wa kuzuia lolote, ila ubavu wa kuchonga fimbo ilikuwa nao. Nayo ikachonga yake, yenye nembo ya taifa. Njia ni moja, fimbo zikawa tatu, na kila upande ukaapa kwamba ya kwake tu ndiyo halali.

Siku fimbo zilipoletwa nilikuwa nimekaa ofisini kwa Shangazi nikinywa chai. Alinyanyua simu.

"Jirani, umeletewa ya kwako?"

"Imekuja na magari mawili na mpiga picha," alisema Jirani. Simu ile ilikuwa na sauti kubwa, nilimsikia vizuri.

"Yangu imekuja na hotuba."

"Sasa tunafanyaje, dada yangu?"

"Una kabati lenye kufuli?"

"Ninalo."

"Basi iweke humo ilale."

Hivyo ndivyo walivyofanya. Fimbo ya taifa ikalala kabatini kwetu, fimbo ya Jimbo ikalala kabatini kwake, na fimbo ya zamani ikaendelea kwenda na kurudi. Akija mkaguzi, kila mmoja anatoa ya mkubwa wake, anaifuta vumbi, anaionyesha, anapigiwa makofi. Mkaguzi akiondoka, inarudishwa kulala. Madereva wa pande zote mbili walijua na wakanyamaza, maana wao ndio wanaokaa mbele. Ninavyoona mimi, kwa miezi ile nchi yetu ilikuwa bado nzima mahali pamoja tu, na mahali penyewe palikuwa kati ya stesheni mbili ambazo hata ramani nyingi haziziandiki.

Nilimwuliza Shangazi kama haogopi.

"Naogopa sana," alisema. "Mimi si shujaa, usinipake mafuta. Ila mume wangu yuko kwenye treni ile kila asubuhi. Unataka nimpe fimbo ya hotuba?"

Siri ile ilitobolewa na Honi mwenyewe, masikini. Mshauri alikuja ng'ambo na wapiga picha wa kampuni, alitaka apigwe picha dereva akikabidhi fimbo mpya. Shangazi na Jirani waliambizana mapema, fimbo ya Jimbo ikatolewa kabatini na kuletwa kwetu kwa siri juu ya kiberenge, kile kigari kidogo cha reli cha mafundi, Honi akawekewa miguuni, akaelezwa. Alipoingia stesheni ya ng'ambo, ile mikono yake ikafanya ilichofanya siku zote. Alitoa nje ya dirisha fimbo ya zamani, akamkabidhi Jirani mbele ya kamera, na juu ya hayo akapiga honi. Mshauri akaiangalia picha, akaiangalia fimbo, akauliza kwa upole ile nyingine iko wapi.

Wiki hiyohiyo wote wawili walifukuzwa. Jimbo lilisema Jirani anapokea amri kutoka makao makuu. Makao makuu yakasema Shangazi anashirikiana na wanaotaka kujitenga. Ni jambo pekee ambalo Serikali Kuu na Jimbo walikubaliana mwaka ule, na hawakuhitaji hata kikao. Fimbo ya zamani ilichukuliwa ikafungwa kwenye mfuko kama ushahidi. Shangazi alivua beji yake, akaiweka mezani, akaniambia nisithubutu kuacha kazi kwa ajili yake. "Mmoja wetu abaki aone," alisema.

Tukaletewa mkuu mpya, kijana mtanashati aliyeteuliwa kutoka makao makuu. Nilimpa jina la Mteule na likamganda. Ng'ambo nako wakaweka wao. Kila mmoja akawa anampa dereva fimbo yake, kwa moyo mweupe kabisa. Na simu ya mezani ikakatwa, kwani sasa mazungumzo kati ya stesheni mbili yalikuwa mazungumzo kati ya mamlaka mbili, na yalitakiwa kupitia Kamati ya Uhusiano. Kamati ilikuwa makao makuu. Ilikutana ikipata nafasi.

Mwanzoni tuliokolewa na ratiba tu. Abiria walivuka asubuhi, wakarudi adhuhuri, mawe yalivuka alasiri. Halafu kampuni ikataka mawe zaidi, Jimbo likaongeza treni ya mawe ya asubuhi, na taarifa ikatumwa kwa Kamati. Kwetu haikufika. Sijui ilikwama meza ya nani, na siku nikimjua nitamtembelea.

Asubuhi hiyo nilikatisha tiketi kama kawaida. Treni ilijaa. Palikuwa na wanafunzi wa chuo cha uuguzi, kina mama wa sokoni, na bwana mmoja aliyebeba kioo cha kabati akiwa amekikumbatia. Mteule akampa Honi fimbo ya taifa, Honi akaitazama kwa dharau, akapiga honi, wakaondoka.

Haukupita muda nikamwona Shangazi anakuja mbio kando ya reli, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi. Sijawahi kumwona akikimbia, kabla wala baada. Jirani alikuwa amempigia kwa simu yake ya mkononi. Nyumba yake iko kando ya reli ya ng'ambo, na alipokuwa akipiga mswaki uani aliona injini mpya inafungwa kwenye mabehewa ya mawe, imeelekezwa kwetu.

"Mpigie mwenzako wa ng'ambo," Shangazi alimwambia Mteule. "Mwambie asiitoe."

"Mama, simu imekatwa."

"Una simu ya mkononi."

"Namba yake sina. Na hata ningekuwa nayo siruhusiwi kuzungumza na mamlaka ile bila idhini ya Kamati."

"Watu wako njiani."

"Treni yetu ina fimbo halali," alisema Mteule. Alikuwa ameshaelewa, ila ameshikilia sentensi ile kwa kuwa ndiyo aliyopewa.

Nilimpigia Honi mimi mwenyewe, nikijua fika kwamba madereva hawaruhusiwi kuendesha na simu. Ilikuwa inalia juu ya kabati lao la nguo nyumbani. Shangazi akampigia Jirani, akamwambia maneno machache tu: "Honi ameshatoka. Hawaelewi huku. Ni wewe."

Yaliyotokea ng'ambo nilisimuliwa na wengi, na wote wanasimulia vilevile. Jirani alikwenda kwanza kwa mkuu mpya wa kwao, akamsihi. Yule akamwonyesha fimbo ya Jimbo, akasema ana kibali. Jirani hakubishana. Bendera yake nyekundu walikuwa wamemnyang'anya siku ya kumfukuza, kwa hiyo akarudi uani, akachukua beseni jekundu la kufulia la mkewe, akaenda kusimama katikati ya reli mbele ya injini, na kaptura yake na povu la dawa ya meno mdomoni. Dereva wa mawe akapiga honi. Jirani akainua beseni juu zaidi. Walipokuja askari kumwondoa akalala chini, akakumbatia reli. Walimvuta miguu, akashikilia. Walimpiga mikononi kwa kitako cha bunduki, akashikilia. Walipofanikiwa kumtoa, vidole vyake viwili vimevunjika, dereva wa mawe akiwa tayari ameshika mkono wa injini, wakasikia honi kutoka kwenye kona ya kilima. Ilikuwa ndefu, ya mtu anayewasalimu mbuzi.

Abiria walishuka wakaenda zao. Bwana wa kioo alishuka na kioo chake kizima. Wengi hawakujua lolote hadi jioni.

Ningependa kuishia hapo. Nchi yenye akili ingemvisha nishani mtu yule. Jimbo lilimfungulia mashtaka ya kuhujumu uchumi na kufanya kazi kwa niaba ya makao makuu, na ndani ya chumba cha mahakama alikuwepo mtu wa kampuni, ameketi mstari wa mbele. Akahukumiwa kifungo kirefu. Honi alibwaga manyanga siku ileile, hajagusa injini tena. Akisikia gari linapiga honi barabarani hutoka chumbani, hukaa uani peke yake.

Shangazi akafunga safari hadi makao makuu, nami nikamsindikiza. Alidhani wakubwa wakijua watadai Jirani aachiliwe. Tulipokelewa na ofisa mmoja mstaarabu, katika ofisi yenye zulia, akamsikiliza hadi mwisho na kutikisa kichwa kwa huzuni.

"Mama, nakuelewa," alisema. "Lakini hilo ni suala la ndani la Jimbo. Tukimwombea huyu, wafadhili watasema tunaingilia. Na mkopo uko mezani."

"Ameokoa treni yenu," Shangazi alisema. "Abiria wenu. Mume wangu."

"Kwa hilo tunamshukuru sana."

"Mmemshukuru kwa nani? Yeye hajasikia."

Ofisa akatazama saa yake ya ukutani. Nilitaka kuigonga meza ile, kusema kweli nilitaka kumgonga yeye. Shangazi akanishika mkono, tukatoka.

Mwaka uliofuata kampuni ilimaliza barabara yake ya lami kupitia nchi nyingine, hadi bandari inayoimiliki yenyewe. Mawe yakahamia huko. Injini mpya zikarudishwa zilikotoka kwa kuwa hazikuwa zawadi, zilikuwa za kukodi. Jimbo halikuwa na pesa za kuendesha reli, Serikali Kuu haikuwa nazo hata za kuitisha Kamati. Dirisha langu likapigiliwa mbao. Mteule amepata kazi ya kuuza bima, tunasalimiana.

Shangazi hakuacha kwenda gerezani kumtazama Jirani. Mara kwa mara alirudishwa getini, na safari ya mwisho nilikuwa naye. Tulivuka mto kwa miguu juu ya daraja la reli, mataruma yameanza kuota majani. Askari wa getini akatuambia wanaingia ndugu tu.

"Wewe ni nani wake?"

"Dada yake," alisema Shangazi.

Askari akakigeuza kitambulisho chake. "Hiki ni cha ng'ambo, mama. Dada yake ametokea wapi huko?"

"Mimi sijatokea popote. Nimekaa palepale nilipozaliwa. Ninyi ndio mliohama."

Yule askari alimrudishia kitambulisho. Nyuma yetu foleni ilikuwa ndefu na jua kali, akasogeza kizuizi.

Jirani amekonda, kitambi hakipo, na vidole viwili vimeunga vibaya. Alicheka alipotuona, akamwuliza Honi hajambo, akaniuliza nitaolewa lini. Kisha akasogea karibu na wavu.

"Nani yuko zamu siku hizi?"

Nilidhani Shangazi atamdanganya, na moyoni nikamwomba amdanganye.

"Hakuna mtu zamu, Jirani. Njia imefungwa. Hakuna treni."

"Hata ya abiria?"

"Hata ya abiria."

Alitazama mikono yake juu ya meza. Alipozungumza, hakupandisha sauti, alikuwa kama mtu anayeuliza saa ngapi.

"Mimi nilizuia treni moja, mpaka Honi apite. Wao wamezizuia zote. Sasa wao, dada yangu, wamefungwa gereza gani?"